Ukuta Ukisogea, Nani Atajua? Mwongozo wa Kupima Nyumba, Malambo na Madaraja ya Kwale

Samburu ya Kwale, iliyo kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi kati ya Maji ya Chumvi na Taru, ni mji mdogo unaobeba mizigo mizito. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo huupita usiku na mchana. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ina stesheni hapo. Reli ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo inakatiza nyika hiyohiyo juu ya matuta na madaraja yake. Na mbali na macho ya wasafiri kuna malambo ya udongo ambayo watu na mifugo wa Kinango huyategemea kiangazi kinapokaza.

Ardhi inayobeba yote hayo haitulii. Upande wa Samburu kuna miamba ya mchanga iliyopishana na matabaka laini ya mfinyanzi. Mfinyanzi hunywa maji wakati wa masika ukavimba, kisha jua likiwaka husinyaa na kupasuka. Ukishuka Diani, Ukunda na Msambweni, unakuta nyumba zimekaa juu ya mchanga au juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu na mapango ndani yake. Fundi hodari anaweza kujenga vizuri katika sehemu zote mbili, lakini hawezi kuiamuru ardhi isisogee. Linalowezekana ni kujua mapema kwamba imesogea.

Makala haya yanaeleza njia za kujua hilo kwa upimaji wa kijiodesia: kutafuta mahali hasa pa nukta fulani kwenye jengo, tuta au daraja, kisha kurudi baada ya muda kuangalia kama bado iko palepale. Yameandikwa kwa kamati za maji, wenye nyumba, walimu wakuu wenye madarasa yenye nyufa, na mwananchi anayeishi chini ya tuta la mtu mwingine.

Taarifa hutangulia, ila hazisomwi

Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa tayari limetajwa kuwa hatari na lilitakiwa kubomolewa, lakini wapangaji walikuwa wangali ndani. Tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la udongo la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku. Watu wasiopungua 47 walikufa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Italia. Katika bonde la Vajont, wapimaji waliufuatilia mteremko wa mlima Toc, ulio juu ya bwawa jipya, kwa takriban miaka mitatu. Vipimo vilionyesha bila shaka kwamba mlima unatembea, na katika siku za mwisho kasi ilifikia karibu sentimita 20 kwa siku. Usiku wa 9 Oktoba 1963 mlima uliporomokea bwawani, maji yakaruka juu ya ukuta, na watu wapatao 2,000 wakafa vijijini chini yake. Vifaa vilifanya kazi yake. Wenye mamlaka waliamini wangeweza kuutuliza mlima kwa kupandisha na kushusha maji ya bwawa.

Kutokana na hayo tunapata mambo mawili yatakayotuongoza hadi mwisho. Kwanza, kipimo kimoja hakisemi kitu. Kinachosema ni mfululizo wa vipimo. Pili, kipimo kisichomfikia mwenye uwezo wa kuamua hakiokoi mtu.

Kanuni tatu za kupima kitu kinachosogea

*Simama mahali pasiposogea.* Anayepima ufa wa nyumba kwa kulinganisha na ukuta wa jirani anaweza kudanganyika, maana huenda nyumba zote mbili zinazama pamoja. Kwa hiyo kazi huanza nje, kwa kusimika nguzo za rejea juu ya mwamba au zege lililochimbiwa chini sana, mbali na kitu kinachopimwa. Ziwe tatu au zaidi. Ukiwa na mbili tu na zikatofautiana, huwezi kujua ipi imehama. Ya tatu ndiyo shahidi.

*Weka alama za kudumu kwenye kitu chenyewe.* Msumari wa chuma kisichoshika kutu, wenye kichwa cha mviringo, uliosimikwa kwa saruji kwenye nguzo ya jengo au mgongo wa tuta, utapimwa leo na baada ya miaka 10 katika nukta ileile. Alama ya rangi au chokaa haitoshi, kwani huchakaa na upana wake peke yake unazidi milimita unazotafuta.

*Rudia kwa namna ileile.* Kifaa kilekile, njia ileile, saa zilezile za siku, na ikiwezekana mtu yuleyule. Mambo hayo yakibadilika kila mara, hutajua kama kilichobadilika ni ukuta au ni mpimaji.

Hapa wengine huuliza: je, ardhi yenyewe si inatembea? Ni kweli. Kituo cha kudumu cha kupokea mawimbi ya setilaiti kilichopo Malindi kinaonyesha kwamba upande wetu wa Afrika husogea karibu sentimita 3 kila mwaka kuelekea kaskazini-mashariki. Lakini Kwale yote inasogea pamoja, kwa hiyo mwendo huo haupasui ukuta wa mtu. Kinachopasua ni tofauti: kona moja kuzama na nyingine kubaki. Ndiyo maana nguzo za rejea huwekwa katika eneo lilelile la kazi.

Vifaa na uwezo wake

Levo ndicho kifaa cha kwanza kwa kitu kinachozama. Hupima tofauti ya kimo kati ya nukta mbili kwa kusoma ufito wenye vipimo. Levo ya kidijitali na ufito maalumu usiopanuka kwa joto vinaweza kufikia usahihi wa chini ya milimita 1 kwa kilomita. Levo ya kawaida ikitumiwa kwa uangalifu hufikia milimita 2 au 3. Siri yake ni kusimamisha kifaa katikati, umbali wa nyuma na wa mbele uwe sawa, na usizidi mita 30 au 40. Samburu jua la saa sita huinua mazigazi, na ufito huonekana ukicheza. Upimaji ufanyike asubuhi na mapema, na mstari wa kuangalia usipite karibu sana na ardhi.

Totali stesheni hupima pembe na umbali kwa pamoja, kwa kulenga kioo cha prizimu. Hiki ndicho kifaa cha kuonyesha kama ukuta unaegemea au tuta linasukumwa upande. Uwezo wake hutajwa kwa sekunde za pembe: nyuzi moja ina sekunde 3,600, na kosa la sekunde moja kwa umbali wa mita 200 ni kama milimita 1. Kwa hiyo kifaa cha sekunde 5, kinachotosha kwa kazi nyingi za viwanja, kwa umbali huo hukosea kama milimita 5. Kwa mabwawa makubwa kuna zinazojiendesha zenyewe na kulenga prizimu zote kila baada ya muda uliopangwa.

Vipokezi vya setilaiti, ambavyo wengi huviita GPS, vinahitaji kuelezwa kwa makini, kwa sababu ndipo wananchi wengi hupoteza pesa. Simu ya mkononi hukosea mita kadhaa. Kipokezi cha soroveya kinachotoa jibu papo hapo hukosea sentimita 1 au 2; hicho ni kizuri kwa kutafuta bikoni za shamba, lakini hakifai kufuatilia ufa. Ili kufikia milimita chache, vipokezi viachwe juu ya nukta kwa saa nyingi na hesabu ifanyike baadaye. Hata hivyo, kosa la kimo huwa kubwa zaidi kuliko kosa la upande, mara nyingi maradufu. Kifaa kinataka anga wazi: nyika ya Samburu inafaa, lakini chini ya minazi ya Diani au katikati ya magorofa ya Ukunda mawimbi huzibwa na kurudishwa na kuta.

Rada ya setilaiti hupima bila mtu kufika. Sentinel-1 ya Ulaya ni setilaiti za rada, ya kwanza ikiwa ilirushwa Aprili 2014; kila moja hurudi juu ya eneo lilelile baada ya siku 12, na data zake hutolewa bure. Kwa kulinganisha mawimbi ya tarehe mbalimbali, wataalamu huona ardhi ikipanda au kushuka kwa milimita. Njia hiyo ndiyo iliyogundua kwamba mlima Longonot uliinuka karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, bila yeyote chini yake kuhisi. Nchini Brazili, bwawa la taka za mgodi la Brumadinho lilipasuka tarehe 25 Januari 2019 na kuua watu 270. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za rada baada ya msiba walikuta dalili za kusogea. Rada husoma vizuri majengo, mawe na ardhi tupu. Hushindwa kwenye vichaka na mashamba, ambavyo ndivyo vilivyojaa Kinango, na haiwezi kuona ufa wa chumba kimoja.

Fundi naye ana vyake: timazi, pimamaji na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Visidharauliwe. Havitoi ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini ndivyo vinavyokuambia mapema kwamba sasa ni wakati wa kumwita mtaalamu.

Mfano: lambo lenye tuta la mita 200

Tuseme kijiji kina lambo ambalo tuta lake lina urefu wa mita 200 na kimo cha mita 6. Kamati ikiwa na soroveya, kazi inaweza kwenda hivi:

1. Simikeni nguzo tatu za rejea nje ya tuta, angalau mita 50 kutoka ncha zake, mahali pakavu penye mwamba au udongo mgumu. Kila moja iwe ya zege lililochimbiwa zaidi ya mita 1, na chuma katikati.

2. Wekeni alama kila baada ya mita 20 kwenye mgongo wa tuta, zitakuwa 11. Ongezeni safu ya pili katikati ya mteremko wa nje, na chache chini kabisa tuta linapokutana na ardhi.

3. Pimeni vimo kwa levo kwa kuanza kwenye nguzo ya rejea, kupita alama zote, na kurudi mlipoanza. Kwa mzunguko wa mita 600 hivi, tofauti ya kuanzia na kumalizia isizidi milimita 3. Ikizidi, rudieni siku hiyohiyo.

4. Pimeni mwendo wa upande kwa totali stesheni kutoka nguzo za rejea.

5. Fanyeni kazi yote mara mbili ndani ya wiki moja kabla ya kuanza kulinganisha. Tofauti ya raundi hizo mbili itawaonyesha usahihi wenu halisi, hata kama kijitabu cha kifaa kinadai kingine.

6. Rudieni kila mwaka kabla na baada ya masika, kisha kabla na baada ya vuli. Lambo linapojazwa maji mara ya kwanza, pimeni kila wiki.

7. Kila mara andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, kina cha maji, kifaa na jina la mpimaji. Kipimo kisicho na kina cha maji hupoteza nusu ya maana yake, kwa kuwa maji ndiyo yanayolisukuma tuta.

Tuta jipya la udongo huzama lenyewe kwa uzito wake. Tuta la mita 6 likishuka sentimita kadhaa katika miaka ya mwanzo, huku kasi ikipungua kila mwaka, si ajabu. Cha kutia hofu ni sehemu moja kuzama kuliko jirani zake, maana pale maji yatapita juu mvua ikizidi, au huenda udongo unaliwa kwa ndani. Alama za chini ya mteremko zikisogea nje au kuinuka, tuta linateleza. Na maji yanayovuja chini ya tuta yakibadilika kutoka meupe kuwa ya tope, msisubiri raundi nyingine ya vipimo: ondoeni watu walio chini ya lambo na mtoe taarifa saa hiyohiyo.

Nyumba yenye ufa

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Wanaojua kuupima ufa ni wachache. Anza hivi: piga misumari midogo miwili, mmoja kila upande wa ufa, na upime nafasi kati ya vichwa vyake kwa kalipa kila mwisho wa mwezi. Chora kwa penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa saruji pande zote mbili nacho husaidia: kikivunjika, ufa uko hai.

Upana una maana yake. Nyufa za chini ya milimita 1 kwa kawaida ni za plasta, na rangi huzifunika. Hadi milimita 5, milango huanza kukwama na mvua kupenya, lakini nyumba hurekebishika. Kati ya milimita 5 na 15 unahitaji injinia. Zaidi ya 15 ni madhara makubwa, na zaidi ya 25 usalama wa nyumba wenyewe uko mashakani. Upana huo usomwe pamoja na mwendo: ufa wa milimita 3 unaokua kila mwezi unatisha kuliko wa milimita 6 ambao haujabadilika kwa miaka mitano.

Angalia pia majira. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika ni dalili ya mfinyanzi unaopumua chini ya msingi. Ule unaofunguka tu na haurudi ni dalili ya msingi unaozama. Na ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango huonyesha kwamba upande mmoja wa nyumba umeshuka kuliko mwingine.

Kisha pima nguzo. Jaza maji kwenye mpira wa kuonyesha ndani, hakikisha hauna mapovu, na uweke alama ya usawa wa maji kwenye kila nguzo. Ukirudi baada ya miezi mitatu, linganisha tofauti za nguzo na nguzo. Wahandisi hutumia uwiano wa tofauti ya kuzama na umbali kati ya nguzo. Kwa nguzo zilizo mita 6 mbalimbali, tofauti ya milimita 12 ni sehemu 1 kwa 500, na hapo ndipo tahadhari huanza. Milimita 20, yaani 1 kwa 300, huanza kupasua kuta. Milimita 40, yaani 1 kwa 150, huumiza mihimili na nguzo zenyewe. Kumbuka tu kwamba sakafu yako huenda haikuwa sawa tangu ilipojengwa. Kinachohesabiwa ni kilichobadilika tangu siku ya kwanza ya kupima. Na kwa kuwa mpira hukosea milimita 2 au 3, tofauti ndogo isikukoseshe usingizi.

Madaraja, reli na mabwawa makubwa

Daraja lina tabia moja inayowachanganya wasiojua: hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi. Zege lenye urefu wa mita 100 likipata joto la nyuzi 15 zaidi hurefuka kama milimita 15. Kwa daraja refu kama la Mteza kwenye barabara ya Dongo Kundu, lenye karibu kilomita moja na nusu, ndiyo maana huwekwa viungo vya kupanuka. Kwa hiyo kipimo cha saa mbili asubuhi hakilinganishwi na cha saa nane mchana bila kusahihisha joto. Mkazi hahitaji kupima daraja, lakini anaweza kuangalia: udongo uliochimbwa na mto chini ya nguzo, kiungo kilichoachama upande mmoja tu, ukingo ulionyooka zamani na sasa umepinda, au bonde jipya pale lami inapokutana na daraja. Kwenye reli, angalia tuta lililoteleza baada ya mvua na karavati lililozibwa.

Kwale pia ina mabwawa makubwa. Mradi wa Mwache, Kinango, umepangiwa ukuta wenye kimo cha zaidi ya mita 80 ili kuwapa maji watu wa Mombasa na Kwale. Msambweni kuna bwawa la Mukurumudzi, lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa titani wa Base Titanium. Uchimbaji ulikoma mwishoni mwa 2024, lakini tuta haliachi kazi mgodi unapofungwa; maji yanaendelea kulisukuma. Wanaoishi chini ya kuta za namna hiyo wana haki ya kuuliza nani anazipima sasa, mara ngapi, na matokeo yakoje. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia njia ya kuomba taarifa kwa maandishi. Ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na isipojibu unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kusoma matokeo bila kudanganyika

Kila kipimo kina kosa lake. Tuseme raundi ya Machi ina kosa la milimita 2, na ya Juni vilevile. Ukitoa moja kwa nyingine, makosa hayo huungana kuwa karibu milimita 2.8, na ili uwe na uhakika wa asilimia 95 tofauti inapaswa kuzidi milimita 5.5 hivi. Soroveya akikuambia ukuta umesogea milimita 4 na vifaa vyake ni vya kiwango hicho, bado hajathibitisha chochote. Akikuambia 9, msikilize.

Baada ya hapo tazama mwelekeo. Matokeo husomwa kama kadi ya kliniki ya mtoto: uzito wa siku moja hausemi mengi, mstari ndio unaosema. Mstari unaozidi kulala unaonyesha kitu kinachotulia. Unaopanda na kushuka pamoja na majira unaonyesha joto na mvua. Unaozidi kuwa mkali kila raundi ni hatari, hata kama jumla bado ni ndogo. Hapo fupisha muda kati ya vipimo: kutoka miezi mitatu hadi wiki, kutoka wiki hadi siku.

Gawanya pia kazi vizuri. Soroveya husema kitu kimesogea kiasi gani na upande gani. Kwa nini kimesogea na kifanyiwe nini ni swali la injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mmoja akijidai kuyajibu yote mawili peke yake, uliza zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Nguzo zako za rejea ziko wapi, na utajuaje kwamba zenyewe hazijasogea?
- Kifaa chako kilikaguliwa usahihi wake lini mara ya mwisho?
- Kosa la vipimo vyako ni milimita ngapi, na umelihesabu vipi?
- Utarudi lini, na je, mtu mwingine anaweza kuendeleza kazi kwa alama hizohizo?
- Nitapata namba zote ghafi, au ripoti tu?

Jibu la swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Namba ghafi zikibaki kwenye kompyuta ya soroveya aliyehama, miaka yote ya kupima imepotea. Kamati iweke nakala yake, na nyingine ibaki shuleni au kwa chifu.

Alama zenyewe zilindwe. Nguzo ya zege iliyo peke yake porini huvutia mtu anayetafuta chuma cha kuuza au jiwe la kupigia fensi. Kung'oa au kuharibu alama ya upimaji ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Wazee wa mtaa wawaeleze watoto na wachungaji kazi ya nguzo hizo.

Nani aambiwe, na lini kuondoka

Kwa bwawa au lambo, taarifa iende kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ndiyo hutoa vibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na kwa serikali ya kaunti. Kwa jengo, nenda kwa idara ya ujenzi ya kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Barabara kuu na madaraja yake yako chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu (KeNHA), barabara za mashambani chini ya Mamlaka ya Barabara za Mashambani (KeRRA), na reli chini ya Shirika la Reli. Mpitie chifu pia, ili iwepo kumbukumbu ya kwamba taarifa ilitolewa na tarehe yake. Andika barua, ambatisha picha zenye tarehe na namba za vipimo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kuna dalili ambazo hazingoji barua wala soroveya: ufa unaopanuka ukiutazama, mlio wa kupasuka kwenye nguzo au mihimili, milango yote kukwama ghafla, zege linalobanduka na kuacha chuma wazi kwenye nguzo ya chini, au tuta linalovuja tope. Hapo toka kwanza, watoe na wengine, kisha piga 999 au 112, au namba ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Vifaa vya gharama vipo na wataalamu wapo, lakini hatua ya kwanza haihitaji hela nyingi. Kabla ya masika yajayo, kamati ya kila lambo la Samburu na Kinango isimike nguzo tatu za rejea na kufungua daftari. Mwenye nyumba yenye ufa Ukunda au Msambweni apige misumari miwili na kuandika tarehe. Kaunti nayo iwe na orodha ya matuta yote na mtu mmoja anayejulikana wa kupelekewa namba hizo, mwenye mamlaka ya kuwahamisha watu kabla ukuta haujaanguka.